Kutoka Barabara ya 14 hadi Olmotonyi

Mama mdogo alinipigia simu mwezi wa nane akaniambia, "Mwanangu, presha imeshuka. Siku hizi natembea tu huku msituni." Badala ya kufurahi niliingiwa na wasiwasi. Mimi ni muuguzi, mwaka wa kumi na tisa sasa, na nimewaona wengi waliotamka maneno kama hayo kumbe wameacha dawa kimyakimya. Huyu ni mdogo wake marehemu mama yangu, na mambo yake ya hospitali ananisikiliza mimi tu. Nikaomba likizo. Oktoba ilipoingia, saa kumi na mbili asubuhi, nilikuwa stendi ya Kange, Tanga, nimekumbatia begi lenye mashine ya kupimia presha, doti tatu za khanga na mtandio mweupe, naelekea kwake Olmotonyi, mkoa wa Arusha, ambao sikuwahi kuukanyaga.

Lazima niseme nilikotoka, maana kila nilichokiona nilikipima kwa huko. Nimezaliwa Ngamiani, Tanga, Barabara ya 14. Mitaa yetu haina majina, ina namba, nayo imenyooka kama mistari ya daftari. Ni tambarare tupu, kwa hiyo baiskeli kwetu ni ya kila mtu, mwalimu, muuza samaki na bibi harusi. Nyumba zina baraza, na jioni mtaa mzima uko nje. Mbele ya nyumba yetu umesimama mkungu ambao babu aliukuta tayari mkubwa, na chini yake pamesukwa mikeka, pamechezwa bao, na maiti wetu wote wameombewa hapo kabla ya kutoka. Alasiri upepo wa bahari unaingia bila hodi. Mpaka naanza safari hii nilidhani mtaa ndivyo ulivyo popote.

Basi lilipita katikati ya mashamba ya mkonge, likafika Segera, Korogwe, Mombo. Baada ya hapo milima yote ilikuwa mkono wa kulia, kwanza Usambara, kisha Upare, na kupita Himo kijana wa siti ya jirani akanigusa bega: "Dada, ule pale." Kilimanjaro ilikuwa imefunikwa nusu, kilele kinaonekana juu ya mawingu kama kisahani cheupe kilichoachwa kabatini. Saa tisa alasiri tukaingia Arusha.

Nilichokipata kwanza Arusha ni sauti. Honi za bodaboda, spika ya muuza simu, spika ya muuza dawa ya mende, wapiga debe wanaokushika mkoba, na jenereta la fundi wa kuchomelea mageti. Tanga tuna kelele zetu, lakini huja moja moja, ya muuza kahawa ikapita, ikafuata ya adhana. Hapa zilikuwa zimefungwa pamoja kama kuni. Vumbi nalo lilikuwa jepesi, la rangi ya kahawa ya unga, kwa kuwa mvua za vuli hazijaanza. Nikapanda kifodi, ndivyo wanavyoita daladala zao za Hiace, kwenda Ngaramtoni, na dirisha lilipofunguliwa nikajiziba pua kwa mtandio. Nilipouondoa ulikuwa umechora mstari wa hudhurungi, mwembamba, pale hasa pua ilipokuwa ikivuta.

Ngaramtoni nikachukua bodaboda. Tulipoiacha lami na kuanza kupanda kuelekea Olmotonyi, mambo mawili yalitokea ndani ya dakika chache. Kelele ilibaki nyuma, tena kwa ghafla kama mlango umefungwa. Na hewa ikageuka baridi yenye harufu. Nilijiuliza harufu ile naijua wapi, nikakumbuka: ni ubani unapotiwa kwenye chetezo kabla moshi haujawa mwingi. Ilikuwa utomvu wa misindano.

Baba mdogo, mume wa mama mdogo, ni Mwarusha. Alinieleza jioni ile kwamba olmotonyi kwa lugha yao ni ndege mkubwa. Mahali penyewe pako kwenye miguu ya Mlima Meru, ule wa pili kwa urefu nchini, na watu wengi wanapajua kwa Chuo cha Misitu, kilichofundisha mabwana miti tangu enzi za ukoloni. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Morogoro nacho kina msitu wake wa mafunzo hapo. Tulikula loshoro, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na ndizi, kisha yakachanganywa na mtindi. Kwa ulimi wa Tanga usiojua chakula bila nazi, kijiko cha kwanza kilikuwa kigeni, cha tatu nikakizoea, na bakuli likaisha.

Usiku nililala chini ya mablanketi mawili na bado nikavaa soksi. Kilichoniamsha, saa tisa, ni ukimya. Nilikaa kitandani nikisikiliza nikitafuta kitu chochote, feni, televisheni ya jirani, pikipiki ya mwisho. Hakikuwepo. Nikalala tena mpaka kulipokucha, jambo ambalo mwili wangu wa zamu za usiku haukumbuki lilifanyika lini.

Asubuhi nilimwambia mama mdogo akae kimya dakika tano, miguu chini, mkono juu ya meza, nikampima mara tatu. Namba zilikuwa nzuri. Kisha nikaomba kuona dawa. Akafungua mkebe wa biskuti akanionyesha karatasi za vidonge zilizotobolewa kwa mpangilio, pamoja na kadi ya kliniki. "Ulidhani nimeacha," akasema. Nikamwomba radhi. "Sijaacha hata siku moja. Ila hata kule mjini Sombetini, kwa binti yangu, nilikuwa nameza hivihivi na haishuki. Vaa viatu, nikuonyeshe nilichoongeza."

Alichoongeza ni njia. Tulitoka getini tukashika kijia kilichokanyagwa kati ya miti, na jambo la kwanza lililonishangaza ni kwamba msitu ule una mistari. Nilitarajia vurugu ya mimea itambaayo na nyani. Nikakuta misindano imepandwa safu kwa safu kama mkonge wa kwetu, ila mkonge huu umesimama kwa urefu wa minara. Chini palikuwa na zulia la majani makavu membamba, mguu unazama kidogo na kurudi. Ukungu ulikuwa ukipita kati ya safu kama mvuke unapofunua sufuria ya wali. Mama mdogo, mwenye miaka sitini na mitatu, alitembea mbele yangu akizungumza bila kuhema. Mimi niliyetoka usawa wa bahari nilikuwa nikitafuta pumzi.

Tulikutana na watu, na kila mmoja alisimama. Bibi mmoja mwenye mashuka mekundu alinisalimu, "Takwenya," na mama mdogo akaninong'oneza nijibu "Iko." Watoto wa shule walikuja wakainamisha vichwa mbele yangu. Nilidhani wameangusha kitu. Kumbe ndiyo shikamoo yao. Unatakiwa umguse mtoto utosini. Niligusa vichwa tisa asubuhi ile. Kwenye gogo moja lililolazwa kando ya njia mama mdogo alikaa, akaangalia saa. "Dakika ishirini mpaka hapa. Ishirini kurudi. Kila siku isipokuwa mvua ikizidi." Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki. Ushauri huo nimeutoa kliniki mara elfu, nikiandika na kwenye kadi. Sikuwahi hata siku moja kumuuliza mgonjwa: utatembea wapi?

Swali hilo lilikaa nami siku ile yote. Nikakumbuka jengo la kale la hospitali ya Bombo kwetu, lile la Wajerumani lililojengwa juu ya jabali likitazama bahari, ambalo nikiwa mwanafunzi nilifikiri waliliweka pale kwa ajili ya mandhari tu. Nikakumbuka pia somo moja la darasani. Mwaka 1984 Roger Ulrich, mtafiti wa Marekani, alichapisha taarifa kuhusu wagonjwa wa Pennsylvania waliopasuliwa mfuko wa nyongo. Waliolazwa kwenye vyumba ambavyo dirisha lake linaona miti walitoka mapema kidogo na kutumia dawa kali za maumivu mara chache kuliko wale ambao dirisha lao liliona ukuta wa matofali. Wauguzi walewale, upasuaji uleule, tofauti ni dirisha. Nililijibu swali la utafiti huo kwenye mtihani, nikapata alama, nikalisahau.

Sitaki msomaji adhani Olmotonyi ni pepo. Nyumba ya pili kutoka kwa mama mdogo niliingia jikoni kusalimia, mafiga matatu katikati ya chumba kisicho na dirisha, na baada ya dakika mbili macho yalinitoka machozi. Mwenye nyumba alikuwa na kikohozi kirefu ninachokijua, cha kina mama waliopika kwa kuni maisha yao yote. Na nilipoona vijana wazuri wenye meno ya hudhurungi nilifikiri, bila kusema, kwamba hawapigi mswaki. Nilikosea vibaya. Ni madini ya floraidi yanayotoka kwenye miamba ya mlima huu wa volkano na kuingia kwenye maji. Maji ya sehemu nyingi kuzunguka Meru yanazidi kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita, na mtoto akiyanywa meno yake ya ukubwani yanaota tayari yana doa. Mlima unaowapa hewa ndio unaowapa hilo. Niliwaza jinsi ambavyo nilikuwa nimewahukumu kwa kuwatazama mara moja.

Siku ya tatu nikashuka kwenda Sombetini kwa mdogo wangu, binti yake mama mdogo, ambako mama huyo aliishi miaka miwili kabla ya kurudi juu. Nilitaka kuona alikokuwa anameza vidonge na presha haishuki.

Kifodi kiliniacha Sakina, pale inapoanzia barabara ya njia nne inayokwenda mpaka Tengeru. Ni barabara nzuri, nyororo, na magari yanajua hivyo. Nilisimama ukingoni nikingoja yapungue. Mtoto wa kike, darasa la pili au la tatu, sweta limechanika kiwiko, akaja akasimama kando yangu na bila kuniangalia akaingiza mkono wake ndani ya mkono wangu. "Shikamoo. Nivushe." Kiganja kilikuwa na jasho. Tukangoja pamoja, tukakimbia mpaka katikati, tukangoja tena, tukakimbia. Ng'ambo aliniachia, akasema asante, akaondoka. Alinichagua kwa sababu nilikuwa mkubwa tu. Kesho atamchagua mwingine, na siku ambayo hakuna mkubwa atavuka peke yake. Ngamiani nilikwenda shule nikiwa na miaka saba, sikushikwa mkono na mtu, na mama hakuwa mzembe. Mtaa ndio ulikuwa umenishika.

Sombetini ni mtaa wa watu wakarimu na wachapakazi, naomba hilo lieleweke kabla ya yote. Mdogo wangu alinipokea kwa chai ya maziwa na chapati. Lakini nyumba na barabara vimeshikana. Hakuna baraza, hakuna mti, hakuna njia ya waenda kwa miguu. Kuna mlango, mtaro, halafu pikipiki. Mtaro hauna kifuniko. Umewekewa ubao mmoja, upana wa kama viganja viwili, katikati umelika. Mdogo wangu akanionyesha: "Hapa ndipo mama alipoteleza. Toka siku hiyo akawa anatoka kwenda dukani tu, pale, anarudi." Nilihesabu hatua mpaka dukani: arobaini na moja. Huko ndiko kutembea kwake kote kulikokuwa. Daktari alimwambia tembea, akaitika ndiyo, akarudi kwenye ubao huu.

Nilikaa siku mbili. Mchana nilifua mtandio wangu nikauanika nyuma ya nyumba. Ulipokauka nilipitisha kidole nikapata unga. Vumbi linaloonekana kwa macho si baya kuliko yote, pua hulikamata. Linalotutisha sisi watu wa hospitali ni lile lisiloonekana, la moshi wa dizeli, wa takataka zinazochomwa jioni, chembe zisizofika hata sehemu moja ya ishirini ya upana wa unywele. Hizo hushuka mpaka kwenye vifuko vya mapafu, nyingine zikaingia kwenye damu, na ndiyo maana hewa chafu si ugonjwa wa kifua peke yake, ni wa moyo na kiharusi pia. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango chake cha chembe hizo kwa mwaka kutoka mikrogramu 10 hadi 5 kwa kila mita ya ujazo ya hewa. Mtoto wa mdogo wangu, miaka minne, alikohoa usiku wote mara tatutatu, kikohozi kidogo kikavu. Wenyewe hawakukisikia tena.

Na usingizi! Baa ilifunga saa saba, fundi aliyekuwa na oda akachomelea mpaka saa nane, pikipiki hazikukoma. Mdogo wangu alisema amezoea, na kweli alilala. Ila nimefanya kazi wodini usiku wa kutosha kujua kwamba sikio halilali. Kelele ikipita, moyo wa aliyelala hupiga haraka, mishipa inabana, homoni za hofu zinatoka, naye asubuhi anasema amelala vizuri. Asubuhi nilijifunga mashine mwenyewe. Namba ya juu, iliyokuwa 118 Olmotonyi, ilikuwa 131. Sitazifanya namba zangu mbili kuwa utafiti, nilikuwa pia nimechoka na nimekunywa chai kali. Naziandika kwa kuwa ndizo nilizoziona.

Kilichonihuzunisha zaidi ni jioni. Saa kumi na mbili, wakati ambao Barabara ya 14 mikeka inatandikwa, Sombetini watu waliingia ndani na kufunga milango. Mdogo wangu ameishi pale miaka tisa na hakujua jina la mama wa nyumba inayotazamana na yake. Nilidhani ni tabia ya mjini, mpaka nikakumbuka habari ya Donald Appleyard, aliyechunguza mitaa mitatu ya San Francisco inayofanana kwa nyumba na kutofautiana kwa magari. Kwenye mtaa wa magari kama 2,000 kwa siku, mkazi alikuwa na marafiki wa mtaani mara tatu ya yule wa mtaa wa magari 16,000. Basi si roho mbaya. Huwezi kukaa nje mahali ambapo pikipiki inapita karibu na vidole vyako vya miguu, wala kusalimiana na mtu wa ng'ambo bila kupayuka.

Siku ya mwisho nilipitia mjini, Mnara wa Saa, nikapanda mpaka kwenye Boma la Wajerumani la mwaka 1900 ambalo sasa ni makumbusho. Mijakaranda ilikuwa imeanza kuchanua, zambarau juu na zambarau chini, na njia imefunikwa na maua mpaka unaona haya kuyakanyaga. Hewa ilikuwa baridi kivulini, jua kali hatua mbili pembeni. Watu walitembea polepole. Sikuwa nimetoka nje ya jiji. Sombetini ilikuwa upande wa pili wa mji uleule, mlima uleule juu yake. Eneo la jirani bado linaitwa Uzunguni, na jina linasema lilipandiwa miti kwa ajili ya nani. Tanga tunayo Raskazone yetu, yenye miti na upepo, na tunajua nani alijengewa pale na nani aliwekwa Ngamiani. Miaka sitini na zaidi ya Uhuru imepita, na jiji lililohesabiwa kuwa na zaidi ya watu laki sita katika sensa ya 2022 bado linapumua kwa ramani ile.

Mama mdogo alikuja kuniaga stendi, ameshuka kutoka Olmotonyi na mfuko wa parachichi. Nikamuuliza kama hawezi kumchukua mjukuu yule anayekohoa. Akasema wamekwishazungumza, atapanda naye likizo ya Desemba. "Lakini mwanangu, watu wa Sombetini wote hawawezi kuhamia kwangu."

Nilifika Ngamiani usiku. Asubuhi nilipofungua mlango niliona shina la mkungu wetu limepigwa alama nyekundu ya rangi. Majirani wakaniambia wapimaji walipita nikiwa safarini, barabara itatanuliwa na mtaro utachimbwa, nao mti uko kwenye njia. Mtaro tunauhitaji, kila masika maji yanaingia vyumbani. Nimepima mwenyewe kwa kamba: mtaro ukisogezwa hatua mbili upande wa msikiti, mti unabaki na mtaro unapita. Nimeandika barua kwa serikali ya mtaa kuomba mambo matatu, mtaro usogezwe, uwekewe vifuniko, na njia ya waenda kwa miguu ibaki chini ya kivuli. Iko kwenye duka la mkaa la Barabara ya 14, juu ya kaunta, na kalamu imefungwa kwa uzi. Mpaka jana ilikuwa na sahihi 46. Ukiwa mtu wa Ngamiani, pita uweke yako kabla ya Ijumaa.